Kopo la Vifungo la Bi Akiba

Wifi yangu hakuwahi kutupa kitu. Sisemi hivyo kwa kumsifu. Wako watu wanaosifiwa kwa kubana matumizi, na wako wanaostahili kutolewa nje ya nyumba yao ili ifagiliwe kwa nguvu. Yeye alikuwa wa kundi la pili. Tulimwita Bi Akiba, naye akalivaa jina hilo kama cheo. Ukimwambia chumba kimejaa, anakujibu, "Akiba haiozi," kisha anakunja kipande kingine cha kitambaa kisichotosha hata kufunika kikombe na kukisukuma chini ya meza.

Alikuwa fundi cherehani, na kwa kazi yake simtoi kasoro. Alishona sare za shule za mtaa mzima katika chumba cha mbele cha nyumba ya kaka yangu. Yeye alikaa kwenye cherehani ya kukanyaga karibu na dirisha, mimi kwenye kiti changu nikikunja pindo na kushona vifungo. Ukimletea shati lililopotelewa na kifungo, alifungua kopo lake kubwa la bati, akachakura kidogo, akakutolea kingine cha rangi ileile, hata matundu yake yakalingana na ya wenzake. Alikuwa na macho ya rangi yule mwanamke. Balaa ni kwamba aliyaamini macho hayo kwa kila jambo chini ya jua.

Maana kopo hilo halikuwa la vifungo peke yake. Upande mmoja, nyuma ya kadibodi, aliweka vidonge. Mabaki ya dawa ya jino la kaka yangu, mabaki ya kikohozi cha jirani aliyekwishahama, mabaki ya kidonda cha mtu ambaye hata hamkumbuki. Pakiti zilimkera kwa kula nafasi, basi alizikatakata kwa mkasi, kila kidonge kikabaki kwenye kipande chake kidogo cha mraba, na jina la dawa likabaki herufi mbili huku, tatu kule. Hakujali. Alivipanga kwa rangi. Cha waridi ni cha tumbo. Cheupe cha mviringo ni cha kichwa. Vile vya rangi mbili, nyekundu na njano, ni vya kikohozi, na hivyo ndivyo vilivyomvimbisha binti yake utotoni mpaka uso ukaumuka kama mkate. Tangu siku hiyo Bi Akiba aliapa kwamba mwanawe hatagusa tena nyekundu na njano. Jina la dawa hakuliuliza. Kwake yeye adui alikuwa rangi.

Na watu walikuja! Hapo hasira yangu ilikuwa haijui imwanzie nani. Mtu analeta suruali, anabishana nusu saa juu ya urefu wa pindo, anataka lipimwe tena na tena, halafu anainama na kunong'ona, "Bi Akiba, nisaidie hata kimoja, kifua kinanibana." Anapewa. Anameza palepale kitu kilichotoka kwenye kopo la vifungo, bila kuuliza kinaitwaje. Mwingine alirudi siku ya pili amenuna.

"Kile ulichonipa hakikufanya kazi. Nibadilishie cha rangi nyingine."

Akabadilishiwa. Nilicheka mpaka sindano ikanichoma kidole, na bado nilikuwa na hasira.

"Siku moja utamuua mtu," nilimwambia.

"Wifi, wewe una mdomo mrefu kuliko uzi wa bobini. Shona vifungo."

Basi shule zilipokaribia kufunguliwa, ugonjwa ukamgeukia mwenyewe. Sikushangaa. Mguu wake ukikaa kwenye kanyagio hauinuki mpaka nguo iishe. Maji alikunywa kwa kulowesha midomo tu, ili asihitaji kwenda chooni, na alipohitaji, alibana, akabana, akajisifu kwamba amemaliza marinda ya sketi nzima bila kuinuka. Sasa nikamwona anainuka kila mara, anakimbia, anarudi amekunja uso, anakaa upande upande.

"Unaumwa nini?" nikamuuliza.

"Kiuno."

"Kiuno hakimkimbizi mtu chooni."

Akavuta sketi iliyofuata. Mficha maradhi kifo humuumbua, na huyu alikuwa tayari kuumbuliwa mbele yangu kuliko kutaja neno mkojo. Nilipombana akasema: unachoma kama pilipili, unatoka kidogo kidogo, na una ukungu. Mkono wake ulikuwa tayari kwenye kopo. Nikaufunika mfuniko kwa kiganja changu, nikamwambia kama anataka kulifungua anikate kwanza vidole. Tukaenda zahanati, yeye akilalamika njia nzima juu ya sketi alizoziacha.

Daktari wa zahanati alikuwa mwanamke kijana mwenye sauti ya mwalimu. Alimpa kikopo cha mkojo, wakapima, majibu yakatoka: maambukizi kwenye njia ya mkojo. Kabla ya kuandika dawa akamuuliza kama ana mimba. Bi Akiba akacheka mpaka akajishika ubavu. Akamuuliza kama kuna dawa yoyote iliyowahi kumletea upele au kumvimbisha.

"Mimi? Dawa zote zinanipenda."

"Haya, nisikilize mama. Hii ni antibayotiki. Utakunywa asubuhi na jioni, ukishakula, kwa saa zilezile kila siku. Ukisahau moja usije ukameza mbili kwa pamoja. Kunywa maji ya kutosha, na ukihisi mkojo nenda, usibane. Utapata nafuu mapema, lakini nafuu siyo kupona. Umalize dozi yote. Ukiona homa, au mgongo na ubavu vinauma, au mwili unawasha na kuvimba, rudi hapa usingoje. Na usimpe mtu mwingine, hata kama anaumwa kama wewe."

Bi Akiba aliitikia kila neno. "Ndiyo daktari. Sawa daktari." Nilimtazama kichwa kinavyopanda na kushuka nikajua hakuna kilichoingia. Sikio la kufa halisikii dawa, na la wifi yangu lilikuwa limezibwa na pamba za mto.

Alikunywa vizuri mwanzoni, hilo nimpe. Vilikuwa vidonge vyeupe, virefu, vyenye mstari katikati. Moto ukapoa, ukungu ukaondoka, akarudi kwenye kanyagio lake akiimba. Asubuhi moja nikasikia mkasi. Mkasi kwenye kitambaa husema kwa sauti nene. Huu ulikuwa ukisema kwa sauti ya bati. Nikageuka. Alikuwa anakatakata pakiti iliyobaki, na ilibaki kama nusu.

"Unafanya nini?"

"Ugonjwa umekwisha. Niendelee kumeza ili nimfurahishe nani?"

"Daktari alisema umalize."

"Daktari hashoni. Nguo ikishamkaa mtu vizuri, fundi haongezi mshono." Akavidondosha koponi, kimoja kimoja, kwenye kundi la vyeupe virefu. "Akiba haiozi."

Nilimwita mpumbavu, na sijalirudisha neno hilo mpaka leo.

Sasa niseme kuhusu binti yake, kwa sababu yote yaliyofuata yalimwangukia yeye. Ni mtoto wao pekee, mwalimu wa hesabu, ameolewa nyumba ya kuvuka barabara. Alikaa kwenye ndoa muda mrefu bila mimba kutulia, mbili zilitoka. Hii ya tatu ilikuwa imeshapita mahali zile zilipoishia, tumbo limechomoza, na nyumba nzima ilikuwa inatembea kwa vidole. Bi Akiba alikuwa akimshonea mjukuu vishati vya kulalia kutokana na vile vipande vyake vya chini ya meza. Mimi ninayemcheka kwa kila kitu nilivishika vishati hivyo na sikupata la kucheka. Mshono wake ulikuwa laini kiasi kwamba ukiugeuza hujui ndani ni wapi na nje ni wapi.

Alasiri moja binti akapita akitoka shuleni, akakaa kwenye kiti cha wateja, akashika tumbo.

"Mama, leo mkojo unanichoma."

Bi Akiba aliacha kukanyaga. Uso wake ukang'aa, nawaambia, ukang'aa! Alikuwa na furaha ya fundi aliyepata kipande kinacholingana na nguo iliyochanika.

"Ileile yangu! Si unaona? Na dawa yake ninayo."

"Mjamzito hapewi dawa ovyo," nikasema. "Apelekwe kliniki, apimwe."

"Kliniki yake keshokutwa. Unataka mtoto wangu asimame foleni na tumbo hilo wakati dawa iko hapa? Tena ya daktari, siyo ya uchochoro."

Binti alikipokea kile kipande cha mraba, akakigeuza. Msomi huyu anafundisha watoto wa watu wasikubali jibu bila kuona njia, lakini mbele ya mama yake anarudi darasa la kwanza. Hata hivyo aliuliza. Alifanya lililompasa.

"Mama, siyo ile iliyonivimbisha?"

"Ile nyekundu na njano. Hii nyeupe, itazame. Mimi nakosea rangi?"

"Usimeze," nikamwambia. "Ngoja nimwite mumeo."

Nilivuka barabara mbio kumfuata mkwe, kwa sababu yeye walau Bi Akiba humwonea haya. Nilipomleta, glasi ilikuwa tupu juu ya cherehani na mama mtu alikuwa ameshashika sketi nyingine.

Kuvuka barabara na kurudi hakutoshi kidonge cha kichwa kuanza kazi. Hiki kilikuwa kimeshaingia tumboni, na hakikukawia kuanza kazi. Kwanza binti alijikuna viganja. Halafu akasema midomo inamfanya vibaya, nikaiona inavimba nikiitazama. Halafu sauti ikakwaruza, na pumzi ikaanza kupiga mluzi. Mkwe alimbeba hadi kwenye gari la jirani. Bi Akiba alitufuata bila viatu, kopo amelikumbatia kifuani, vifungo vikigongana ndani.

Hospitali walimkimbiza ndani. Nilipata kuona wakimchoma sindano ya paja na kumvika hewa ya mashine, kisha pazia likavutwa. Daktari akatoka.

"Amemeza nini?"

"Nyeupe," akasema Bi Akiba.

"Nyeupe gani?"

"Ndefu. Ina mstari katikati."

"Mama, nakuuliza jina la dawa."

Akafungua kopo. Likamponyoka, na vifungo vya shule zote za mtaa vikatawanyika sakafuni pamoja na vidonge. Daktari aliinama akaokota kipande kimoja cha mraba, akakisoma, akakigeuza, akaokota kingine. Herufi mbili. Herufi tatu. Sijawahi kuona mtu akimtazama mwenzake vile, na sikumlaumu. Nilimtajia zahanati yetu, akapiga simu, akapata jina.

"Utotoni alivimba kwa dawa gani?"

"Ya rangi mbili," nikajibu mimi. "Nyekundu na njano."

Daktari akapumua kwa nguvu. "Basi ni ndugu wa tumbo moja. Hii ni ya jamii ya penisilini, na kwa alivyovimba leo, ile nayo karibu hakika ilikuwa. Rangi ni ya kiwanda tu, mama. Dawa ileile utaikuta nyekundu hapa, nyeupe kule, na ya watoto ya maji. Ukikariri rangi hujakariri kitu."

Akarudi ndani. Tulikuwa hatujaambiwa kama mtoto tumboni yuko salama. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Bi Akiba alikuwa amekaa kwenye benchi akikaribia kupata majuto na kumkosa mjukuu. Nilimchukia wakati ule, kwa kweli nilimchukia, na kama angefungua mdomo kusema akiba haiozi ningemzaba kofi mbele ya wagonjwa.

Hakusema. Aliinuka, akaenda chooni. Akarudi, akakaa upande upande, akainuka tena. Mara ya tatu nikamshika mkono, nikaukuta wa moto.

"Tangu lini?"

"Siku kadhaa. Na mgongo, huku ubavuni."

Nilimpeleka kwa muuguzi kama mtu anayepeleka mwizi kituoni. Wakampima mkojo: maambukizi yamerudi, na sasa yalikuwa yanapanda kuelekea kwenye figo. Muuguzi akamuuliza kama dozi ya kwanza aliimaliza. Bi Akiba akatazama sakafu, vifungo vyake vilipokuwa vinafagiliwa. Kwa hiyo ile nusu aliyoimeza haikumaliza ugonjwa wake, na ile nusu aliyoiweka ilikaribia kummaliza mwanawe. Hiyo ndiyo akiba yake yote ya maisha, kwa hesabu yangu.

Hatimaye walituita. Binti alikuwa amelala kwa ubavu, uso bado umevimba, anapumua mwenyewe. Mkunga aliweka kifaa juu ya tumbo, akakisogeza, akakisogeza tena, hakuna aliyethubutu kukohoa. Halafu tukausikia moyo, mdogo, wa haraka, unaenda kama cherehani iliyotiwa mafuta. Mkwe alilia waziwazi. Mimi pia nililia, sioni aibu kusema. Bi Akiba alisogea kitandani akanyoosha mkono, na binti akafumbua macho.

"Mama, nilikuuliza."

Basi. Hakumtukana, hakupandisha sauti. Aligeuza uso ukutani, na mkono wa mama yake ukabaki hewani mpaka muuguzi akatuomba tutoke.

Binti alipewa dawa nyingine, inayomfaa yeye na mimba yake, baada ya kupimwa. Alikunywa kwa saa zake hadi cha mwisho, akarudi kupimwa tena. Jina la dawa inayomdhuru alilikariri, na sasa humtajia kila daktari na kila muuguzi kabla hajaulizwa. Bi Akiba alichomwa sindano kwanza, kisha akaandikiwa vidonge vya kumalizia nyumbani, na hapo nikawa askari wake. Niliweka chupa ya maji juu ya cherehani. Nilimwinua kwenda chooni kama mtoto wa chekechea. Alinung'unika kwamba sketi hazitaisha. Nikamwambia sketi zimwoe. Alivimeza vyote, pakiti nzima nzima, bila mkasi kuigusa, na siku ya mwisho alinionyesha pakiti tupu. Vidonge vya kopo tulivipeleka zahanati vikateketezwe. Daktari kijana alivitazama, akamtazama mwenye navyo, akatikisa kichwa.

Mnadhani mtaa ulijifunza? Wiki ileile yule wa suruali alikuja, akainama.

"Nasikia umeacha kutoa. Hata kimoja tu, Bi Akiba? Kile cha waridi?"

Nilimjibu mimi, kwa ufagio.

Mtoto alizaliwa kwa wakati wake, wa kike, mwenye sauti. Bi Akiba alingoja aitwe. Alipoitwa, alioga mchana mchana, akavaa viatu vya kutokea, akapanga vile vishati mkobani, akaniomba nimsindikize kuvuka barabara ambayo huivuka kila siku. Binti alitufungulia, mtoto begani. Alinisalimu, "Shikamoo shangazi." Akamsalimu mama yake pia. Lakini alikuwa amesimama katikati ya mlango.

"Mama, mkoba."

Nilitegemea ugomvi. Huyu ni mwanamke aliyewahi kunyamazisha wazazi wa shule nzima. Badala yake aliingia hatua moja, akaumimina mkoba juu ya meza ndogo ya mlangoni: vishati, kitambaa cha mkononi, futi ya kupimia, kifurushi kidogo cha karatasi kilichosokotwa. Binti alikiokota kifurushi, akakifungua. Ndani palikuwa na kitu kidogo, cheupe, cha mviringo.

"Ni cha kishati cha kijani," Bi Akiba akasema. "Sikuwahi kukishona. Ni kifungo, mwanangu."

Binti alikwenda nacho dirishani, akakigeuza kwenye mwanga, akakipitishia ukucha, mpaka akaona matundu yake manne. Bi Akiba alisimama akingoja, mikono imeshikana mbele. Kisha binti akarudi, akakiweka kifungo mezani, akampa mama yake mtoto.